Kusoma vipimo vya servomota kabla hujatoa hela

Ukipita karakana za samani Dodoma siku hizi hukosi kukuta mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, na wasindikaji wa karanga, unga na mafuta ya alizeti wananunua mashine za kufungasha zinazovuta nailoni kwa servomota, yaani mota inayopima mwendo wake yenyewe na kusimama pale inapoamriwa. Mota ikiungua, mwenye mashine humpigia muuzaji wa Dar es Salaam au wa Guangzhou na kusema: "Nataka ya wati 750." Analetewa ya wati 750. Inaungua tena, au inatetemeka, au mashine inakwenda taratibu kuliko zamani.

Wati ndiyo namba inayosomeka kwa urahisi kwenye kibao cha mota, na ndiyo inayokuambia machache zaidi. Namba zinazoamua zimo kwenye karatasi ya vipimo, na kila moja imepimwa chini ya masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jedwali. Watu wa kanda ya kati wana sababu ya pekee ya kuyasoma masharti hayo, kwa kuwa mji wetu umeyavuka kidogo. Nitafika huko.

Hatua ya 1: Pata jina kamili la mota

Futa vumbi, piga picha kibao chote, na unakili msimbo wa mota herufi kwa herufi. Herufi moja ya mwisho inaweza kuwa tofauti kati ya shafti yenye kijino na isiyo nacho, au kati ya mota yenye breki na isiyo na breki. Kwa msimbo huo, tafuta karatasi ya vipimo ya mtengenezaji mwenyewe, usitegemee tangazo la muuzaji.

Mota nyingi za bei nafuu za Kichina zinajieleza zenyewe. 80ST-M02430 ina flanji (uso wa mbele wa mota unaofungwa kwenye mashine) ya milimita 80, toki ya niutoni mita 2.4 na mizunguko 3,000 kwa dakika. 130ST-M10025 ina flanji ya milimita 130, toki ya 10 na mizunguko 2,500. Toki ni nguvu ya kuzungusha shafti, na kipimo chake ni niutoni mita, Nm kwa kifupi. Ukizijua namba hizo mbili, toki na mizunguko, wati unazipata mwenyewe.

Hatua ya 2: Geuza wati kuwa toki

Chukua kilowati, zidisha kwa 9,550, gawanya kwa mizunguko kwa dakika. Jibu ni Nm.

Mota ya wati 750 kwenye mizunguko 3,000 inatoa Nm 2.39. Mota ya kilowati 1 kwenye mizunguko 3,000 inatoa 3.18, lakini kilowati 1 hiyohiyo kwenye mizunguko 2,000 inatoa 4.77. Vibao viwili vyote vinasema kilowati 1, na bei pengine zinakaribiana, ila moja ina nguvu ya kuzungusha mara moja na nusu ya mwenzake. Ukibadilisha ya pili kwa ya kwanza, usishangae mashine ikigoma kunyanyua mzigo.

Fanya hesabu hii hata kama toki imeandikwa. Namba tatu za kibao zisipokubaliana kwa kiasi kikubwa, kibao hicho si cha kuaminiwa.

Wanafunzi wa vyuo wanaoanza na servo ndogo za roboti watakutana na kipimo kingine, kilo-sentimita. Kilo-sentimita 1 ni karibu Nm 0.098. Ile servo ndogo ya bluu ya SG90, yenye 1.8 kwa volti 4.8, ina kama Nm 0.18 tu, na hiyo ni nguvu yake ikiwa imezuiwa isizunguke. Usiipange kufanya kazi siku nzima kwa kiwango hicho.

Hatua ya 3: Tenganisha toki tatu

Kwenye karatasi ya vipimo utakuta angalau toki tatu, na wauzaji hupenda kukutajia iliyo kubwa.

Toki ya kudumu ni ile ambayo mota inaweza kuitoa kutwa nzima kwa kasi yake ya kawaida bila kuzidi joto. Ukiona alama S1, maana yake ni kazi mfululizo. Ukiona S3 ikifuatwa na asilimia, namba hiyo ni ya kazi ya vipindi, mota ikipewa muda wa kupoa.

Toki ya kusimama ni ile inayoweza kuitoa muda wote shafti ikiwa haizunguki au inazunguka polepole sana. Huwa kubwa kidogo kuliko ya kudumu, maana mota isiyozunguka haipotezi nishati kwenye chuma chake. Mota ya kushikilia mzigo mahali pamoja unaipima kwa hii. Mota ya kukimbia, hapana.

Toki ya kilele ni ya sekunde chache tu, wakati wa kuondoka na wakati wa kusimama. Kwa servomota nyingi ni kama mara tatu ya toki ya kudumu. Ile ya wati 750 yenye 2.39 hufika karibu 7.2. Lakini kilele hicho kinategemea draivu, kile kifaa kinachoilisha mota umeme na kuiongoza. Draivu isiyoweza kutoa ampea za kilele cha mota hiyo itakupa kile inachoweza, basi. Kwa hiyo soma karatasi mbili kwa pamoja, ya mota na ya draivu, na uchukue iliyo ndogo.

Mchoro wa toki na kasi unaonyesha maeneo mawili: la chini la kazi ya kudumu na la juu la kazi ya muda mfupi. Angalia pale mstari wa juu unapoanza kuteremka kuelekea kulia. Kasi ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye kibao mara nyingi inapatikana kwa toki ndogo sana, na mchoro ndio unaokuambia ni ndogo kiasi gani.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kazi yako mwenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapokimbia, na hapa ndipo hela inapookolewa. Tuchukue mashine ya kufungasha karanga inayovuta nailoni milimita 200 kwa kila pakiti. Rola ina kipenyo cha milimita 60, na kati yake na mota kuna giaboksi ya 5 kwa 1. Mota inaongeza kasi kwa sekunde 0.1, inakwenda sawasawa kwa 0.2, inapunguza kasi kwa 0.1, kisha inasubiri pakiti ichomwe na kukatwa. Ukipiga hesabu, kasi yake ya juu ni karibu mizunguko 1,060 kwa dakika. Mota ya mizunguko 3,000 inaiweza bila taabu.

Sasa toki. Tuseme kuvuta nailoni na msuguano vinadai Nm 0.6 kwenye shafti ya mota. Kuongeza kasi kunadai 0.33 zaidi, kwa sababu ya uzito unaozunguka. Kwa hiyo wakati wa kuondoka mota inatoa 0.93, katikati inatoa 0.6, na wakati wa kusimama 0.27, kwa kuwa msuguano wenyewe unasaidia kufunga mwendo. Wakati wa kusubiri, sifuri.

Joto la mota linafuata kipeo cha pili cha toki, kwa hiyo wastani wa kawaida haufai. Zidisha kila toki kwa yenyewe, kisha kwa muda wake. 0.86 mara 0.1 ni 0.086. 0.36 mara 0.2 ni 0.072. 0.07 mara 0.1 ni 0.007. Jumla 0.165. Mashine ikitoa pakiti 40 kwa dakika, kila pakiti inachukua sekunde 1.5, gawanya, unapata 0.11. Kipeuo chake cha pili ni 0.33. Hiyo ndiyo toki ya RMS, na ndiyo inayolinganishwa na toki ya kudumu ya kwenye karatasi.

Mwenye mashine akitaka pakiti 80 kwa dakika, mvuto wa nailoni unabaki uleule, kinachopungua ni muda wa kusubiri. Mzunguko mzima sasa ni sekunde 0.75. Toki ya kilele haijabadilika hata kidogo, bado 0.93, lakini RMS imepanda hadi 0.47. Ndiyo maana mota iliyofanya kazi miaka bila tatizo inaanza kuchemka wiki ileile mashine "ilipofunguliwa speedi", na fundi anatafuta kosa kwenye draivu wakati draivu haina kosa.

Mota ya wati 200 kwa mizunguko 3,000 ina toki ya kudumu ya karibu 0.64 na kilele cha 1.9. Kwa toki peke yake inatosha hata kwa pakiti 80. Ukiniuliza, nisingenunua ya 750 kwa kazi hii kwa bei yoyote. Ila wati 200 nayo ina kasoro yake, na kasoro hiyo haionekani kwenye toki.

Hatua ya 5: Linganisha inesha

Inesha ni ubishi wa kitu kinachozunguka dhidi ya kubadilishwa kasi, na hupimwa kwa kilo mita mraba. Karatasi ya mota inatoa inesha ya rota yake, ile sehemu ya ndani inayozunguka. Wewe tafuta inesha ya mzigo jinsi mota inavyoihisi: ukiwa na giaboksi, igawanye kwa uwiano wa gia uliozidishwa kwa wenyewe. Giaboksi ya 5 kwa 1 inapunguza inesha ya mzigo mara 25. Wenye haraka hugawanya kwa 5 tu, na kila kitu kinachofuata kinaharibika.

Kwenye mfano wetu, tuseme inesha ya rola ikifika kwenye mota ni 2.7 kwa kipimo cha sehemu ya elfu kumi ya kilo mita mraba, yaani 0.00027. Rota ya mota ya wati 200 ni kama 0.15, kwa hiyo mzigo ni mara 18 ya rota. Rota ya wati 400 ni kama 0.3, na uwiano unashuka hadi 9. Watengenezaji wengine wanaruhusu hadi 15, 20 au hata 30, na draivu za sasa zinaweza kujirekebisha zenyewe. Kwa mashine yenye mkanda unaonyumbulika na inayosimama na kuondoka kila mara, mimi napenda kubaki chini ya 10. Uwiano ukiwa mkubwa, mota inavuka alama, inarudi, inavuka tena. Unasikia mlio mwembamba kama wa nzi chupani, na pakiti zinatofautiana urefu. Kwa hiyo jibu la mfano huu ni wati 400, na sababu ni inesha.

Mota moja huuzwa katika matoleo ya inesha ndogo na inesha kubwa kwa wati zilezile. Ndogo ni ya mizigo myepesi inayotaka wepesi. Kubwa ni ya meza nzito na mikanda mirefu.

Hatua ya 6: Soma masharti, kisha angalia nje

Vipimo vya mota za umeme kwa kawaida vinachukulia joto la hewa lisilozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Dodoma mjini iko kama mita 1,120. Singida mjini ni karibu mita 1,500. Hewa nyepesi inaondoa joto kidogo, na watengenezaji wengi wanataka upunguze takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 zinazozidi. Kwa Dodoma ni kama asilimia 1, ambayo haimnyimi mtu usingizi. Kwa Singida ni kama asilimia 5, na hapo anza kuihesabu. Kitabu cha mtengenezaji wako kikitoa namba nyingine, fuata hicho.

Joto ni habari nyingine. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, chini ya paa la bati lisilo na dari, karibu na kichomeo cha nailoni, hewa inayoizunguka mota inaweza kupita 40 bila shida. Kihami cha nyaya za shaba za ndani ya mota, kikiwa cha daraja F, kinavumilia nyuzi 155, daraja B 130, daraja H 180. Mota ya daraja F iliyopangiwa hewa ya nyuzi 40 ikiwekwa kwenye nyuzi 50, inapoteza kama asilimia 5 ya toki yake ya kudumu kwa hesabu ya shaba peke yake. Wengine wanapunguza zaidi ya hapo, kwa sababu ndani ya mota kuna enkoda, kifaa kinachosoma shafti imezunguka kiasi gani, na enkoda ni elektroniki: inachoka mapema kabla ya shaba. Fundi anaweza kukusukia mota upya, lakini enkoda iliyokufa kwa joto mara nyingi inamaliza habari.

Sharti la tatu halisomwi na mtu. Namba za toki ya kudumu zilipimwa mota ikiwa imefungwa kwenye bamba la alumini linalonyonya joto, kwa mota ndogo mara nyingi milimita 250 kwa 250 kwa unene wa 6, au pungufu kidogo. Ukiifunga mota hiyohiyo kwenye kibao cha plastiki au kipande chembamba cha chuma chenye rangi nene, toki ya kwenye karatasi si yako tena. Flanji ishikane na chuma kisafi kwa eneo lake lote. Na usiifunike mota kwa gunia ili kuizuia vumbi, jambo nililoliona zaidi ya mahali pamoja.

Rudi kwenye mfano. Mota ya wati 200 yenye 0.64, ukitoa asilimia 5 ya joto na 1 ya mwinuko, inabaki na 0.6. Kazi yetu inadai 0.47, karibu asilimia 78. Inapita, lakini ukikumbuka inesha, wati 400 bado ndiyo.

Hatua ya 7: Umeme unaoingia

Umeme wa TANESCO ni volti 230 kati ya fezi na nyutro, 400 kati ya fezi na fezi, hezi 50. Servo nyingi zilizotumika kutoka Japani na Marekani ni za daraja la volti 200, hata zile za fezi tatu. Mtu anaona "fezi tatu" kwenye kibao, anaunganisha fezi zetu tatu, na kapasita za draivu zinapasuka papo hapo. Draivu ya namna hiyo inataka transfoma ya kushusha 400 hadi 220 hivi. Draivu ndogo, kwa kawaida hadi wati 750 na wakati mwingine zaidi, zinakubali fezi moja ya volti 230, kama kitabu chake kimesema hivyo waziwazi.

Sasa tazama namba mbili ambazo wengi wanaziruka. Ya kwanza ni toki kwa kila ampea. Mota ya wati 400 inayotoa Nm 0.49 kwa ampea, ikivuta ampea 2.6, inapata 1.27, namba zinakubaliana, karatasi ni ya kweli. Ya pili ni volti ambazo mota yenyewe inazalisha kwa kila mizunguko 1,000. Kwa mota hiyo ni karibu volti 30. Kwenye mizunguko 3,000 inazalisha 90, na draivu ina nafasi tele ya kuisukuma. Kwenye mizunguko 6,000 inazalisha 180. Umeme ukiwa 230 bado kuna nafasi. Jioni umeme ukishuka hadi 190 kwa sababu mashine za kusaga za jirani zote zinafanya kazi, nafasi iliyobaki ni volti 10, na toki inayeyuka. Ukiambiwa mashine "inakosa nguvu saa za jioni tu", chukua mita upime volti kabla hujafungua kitu chochote.

Hatua ya 8: Yaliyobaki kwenye msimbo

Enkoda ya mistari 2,500 inasomwa mara nne, hivyo inatoa alama 10,000 kwa mzunguko. Ya biti 17 inatoa 131,072, ya biti 23 inatoa 8,388,608. Usilipie biti kwa ushamba. Skrubu ya kusogeza milimita 10 kwa mzunguko, ikiwa na alama 10,000, tayari kila alama ni sehemu moja ya elfu ya milimita, wakati skrubu yenyewe ya mashine ya bei nafuu ina ulegevu unaozidi hapo mara nyingi. Biti nyingi zinasaidia ulaini wa mwendo polepole. Usahihi wa kipande kilichochongwa unatoka kwingine. Cha muhimu zaidi kwetu ni kama enkoda inakumbuka mahali ilipo umeme ukikatika. Zile zenye betri zinakumbuka, lakini badilisha betri draivu ikiwa imewashwa, la sivyo kumbukumbu inafutika na utaanza kupanga mashine upya.

Breki ya ndani ya mota, kwa kawaida ya volti 24, ni ya kushikilia mzigo umeme ukiwa umezimwa, kama kichwa cha mashine kinachoweza kuanguka. Ukiitumia kusimamisha mota inayokimbia itaisha haraka.

IP65 inamaanisha vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii, ila vitabu vingi vinatoa tundu la shafti nje ya ahadi hiyo kama mota haina sili ya mafuta. Kwa vumbi la mbao na la Dodoma lenyewe, nunua yenye sili. Kontakta za kebo nazo ziwe zimekazwa.

Mwisho kuna mzigo wa pembeni kwenye shafti, kwa niutoni. Mota nyingi za wati 400 zinaruhusu 245. Mkanda uliokazwa kwa nguvu za mikono ya fundi mwenye kifua unapita hapo kirahisi, na beringi ya mbele ndiyo inayolipa.

Hatua ya 9: Ikishafungwa, isome ikifanya kazi

Draivu karibu zote zina ukurasa wa kuonyesha mzigo wa wastani kwa asilimia na kilele cha toki kilichofikiwa. Endesha mashine kwa kasi halisi ya uzalishaji angalau saa moja, saa nane au tisa mchana, kisha soma. Wastani ukiwa chini ya asilimia 70, acha. Ukiwa kati ya 70 na 85, andika namba hiyo kwa kalamu ya rangi mlangoni mwa paneli pamoja na tarehe, ili atakayeongeza kasi baadaye ajue kilichobaki. Ukipita 85, kabla ya kuagiza mota kubwa jaribu kwanza kurefusha muda wa kuongeza kasi kwa sehemu ya sekunde, kusafisha na kulainisha reli, na kulegeza mkanda hadi kipimo cha kitabu. Kilele kikigusa kikomo cha draivu kila pakiti, hapo ndipo urudi Hatua ya 4 na namba ulizopima mwenyewe, na umpelekee muuzaji toki ya RMS, toki ya kilele, kasi, inesha ya mzigo, volti na joto la mahali. Akikuuliza tena "wati ngapi?", tafuta muuzaji mwingine.